Wakuu, kabla hatujaezua paa la nyumba ya mzee: asbesto inapimwaje, na anayepima ni nani?

#1 Mwana_Raskazone

Habari za jioni wakuu.

Marehemu mzee alituachia nyumba Tanga, ya miaka ya 70, aliyouziwa na shirika alilokuwa akilifanyia kazi. Kuta imara, kenchi ni mninga mtupu, mchwa hajathubutu. Tatizo paa. Ni yale mabati mazito ya kijivu yenye mawimbi makubwa, yameota kuvu nyeusi, na mengine yamepasuka kwenye misumari. Mvua ikinyesha tunatega ndoo. Ndugu tumekubaliana tuezue, tupige bati za msauzi, nyumba ipangishwe.

Fundi amekuja, kasema ni kazi ya siku mbili. Vijana watapanda na nyundo, wayapasue huko huko juu, vipande vishuke, kisha viende kufukia mashimo ya barabara ya mtaa maana "vinashindilia kuliko kifusi". Dada yetu ni muuguzi. Kusikia hivyo kagoma katakata: hapandi mtu mpaka ijulikane kama hiyo ni asbesto, yale madini ya nyuzi yanayodhuru mapafu, au siyo. Shemeji naye anasema kupima ni ulaji tu, watu wametafuta pa kuchomolea hela.

Naomba wajuzi. Macho ya fundi hayatoshi? Anayepima anafanya nini hasa? Na ikigundulika ndiyo yenyewe, tunafanyaje?

#2 bwana_mlalo

Mkuu, sisi tumesoma msingi na sekondari chini ya hayo mabati, bwenini tumelala chini yake, na tupo. Babu yangu kaishi humo mpaka miaka 90. Ezua uendelee na maisha.

#3 Kipepeo wa Amani

Naweka mkeka hapa. Nyumba yetu Moshi ni hivyo hivyo.

#4 FundiKenchi

Mimi mtu wa mapaa, Kurasini. Kwa uzoefu, asbesto unaijua kwa uzito na kwa mlio. Ukiigonga inalia kama chungu, na ukiitia moto inapasuka kwa kishindo. Wazee waliotufundisha walikuwa wanachoma kipande kidogo kujiridhisha. Sasa maabara ya nini?

#5 hadubini_mbili

Salaam wote. Nipo Birmingham, na kazi inayonilisha ni hii hii: kukagua majengo na kuchukua sampuli za asbesto. Nitaandika kirefu, mnivumilie.

FundiKenchi, nakuheshimu, ila hapo kuna mtego. Ni kweli bati la saruji lenye asbesto hupasuka kwa kishindo kwenye moto. Lakini ziko bati za saruji za siku hizi zenye umbo lile lile, rangi ile ile na uzito unaokaribiana, ambazo ndani yake mna nyuzi za selulosi na za plastiki badala ya asbesto. Nimeshika zote mbili kwa miaka na bado siwezi kuapa kwa macho. Kuna alama moja inayosaidia: bati zilizotengenezwa kwa viwango vya Ulaya hupigwa muhuri wa NT zikiwa hazina asbesto, na AT zikiwa nayo. Mkipanda, tazameni upande wa chini ambako kuvu haijafika. Muhuri usipoonekana, hilo si jibu la upande wowote. Na tafadhali, hicho kipande msikichome.

Mwenye uzi, kabla ya kuuliza bei ya kipimo, jiulize jibu litabadilisha nini. Kama nyumba ingebaki ilivyo, paa zima, hakuna anayetoboa wala kukata, ningekwambia hela yako kaa nayo. Chukulia ni asbesto, mwambie kila fundi anayekuja, basi. Huku hilo linakubalika kabisa: mkaguzi anaandika kwamba sehemu fulani inadhaniwa kuwa na asbesto, na inatunzwa kama vile imethibitishwa. Lakini ninyi mnataka kuezua. Hapo jibu linabadilisha kila kitu: namna ya kushusha, mavazi ya vijana, mahali pa kutupa, na hayo mashimo ya mtaa. Ndiyo maana dada yako yuko sahihi.

Sasa, watu wakisikia kupima wanafikiria maabara peke yake. Maabara inajibu kuhusu kile kipande ulichoipelekea. Nyumba haiijui. Kazi kubwa ni ya anayetembea ndani ya nyumba akijua pa kutazama. Kwenye nyumba ya miaka ya 70 ya shirika mimi nisingeishia kwenye bati. Ningetazama kofia za paa, mifereji ya mvua na mabomba yake ya kushushia, tangi la maji kama ni la saruji, silingi bodi hasa za jikoni na karibu na mabomba ya moto, ubao ulio nyuma ya mita na fyuzi za umeme, vigae vya plastiki vya sakafuni pamoja na gundi nyeusi iliyo chini yake, na bomba la moshi kama kuna jiko la zamani.

Kwa nini silingi inanihangaisha kuliko paa? Bati la saruji kwa kawaida lina asbesto ya asilimia 10 hadi 15 hivi, na nyuzi zimekamatwa na saruji. Zipo bodi laini za kuzuia joto zenye asilimia kubwa zaidi, mara nyingi aina ya amositi (asbesto ya kahawia), ambazo ukizivunja kwa mkono zinatoa vumbi papo hapo. Mtu anaweza kutumia akili yote kwenye paa, halafu kijana akaingia na msumeno kwenye silingi bila hata kitambaa puani.

Kuna ukaguzi wa aina mbili. Wa kwanza ni wa jengo linaloendelea kutumika: mkaguzi anatazama vinavyofikika bila kubomoa, anaandika hali yake, anachukua sampuli chache. Wa pili ni kabla ya ukarabati au ubomoaji, na huo unaingia ndani ya kuta, juu ya silingi, chini ya sakafu, popote kazi itakapogusa. Wengi wanalipia wa kwanza kisha wanabomoa kwa ripoti hiyo hiyo. Ninyi mnahitaji wa pili, ila kwa sehemu mtakazozigusa tu. Kama sakafu haiguswi, msimlipe mtu aing'oe.

#6 shemeji_mtu

Mimi ndiye shemeji aliyesemwa hapo juu, hahaha. Nimeitwa nijitetee. Sijasema asbesto ni nzuri. Nimesema kukiwa na neno "ukaguzi" na neno "mtaalamu" kwenye sentensi moja, mfuko unatoboka. Kampuni moja ilikuja kazini kwetu kukagua, ikatembea ua mzima kwa muda wa chai, ikaandika kila kitu ni asbesto, na kwenye ukurasa wa mwisho ikaambatanisha bei yake ya kuviondoa. Sasa niambieni huo ni upimaji?

#7 hadubini_mbili

Shemeji, hapo sikupingi hata kidogo. Anayepima asiwe ndiye anayelipwa kuondoa. Huku tunasisitiza sana mkaguzi awe huru mbali na kampuni ya kuezua, kwa sababu hiyo uliyoisema. Na usidhani ni wasiwasi wa watu wadogo. Afrika Kusini, mwaka 2014, jimbo la Free State lilitoa mkataba wa Rand milioni 255 wa kukagua nyumba za watu zenye paa za asbesto na kushughulikia zilizokutwa nayo. Ulifika mbele ya Tume ya Zondo, ile iliyochunguza ufisadi serikalini, kisha kesi ya jinai ikafunguliwa. Kwa hiyo ukisema ulaji unawezekana, unawezekana hata kwenye vitabu vya serikali.

Ila dawa yake ni kumbana anayepima. Ukaguzi wa kweli una mambo ambayo hata asiye mtaalamu anaweza kuyadai. Mpango wa nyumba uliochorwa ukionyesha kila sampuli ilikotoka. Picha ya kila sehemu. Namba ya sampuli inayofanana kwenye picha, kwenye mfuko na kwenye cheti cha maabara. Orodha ya sehemu ambazo hakuingia, na sababu. Hiyo ya mwisho mimi huisoma kwanza, kwa sababu mkaguzi anayedai aliona kila kitu sijui alipitaje juu ya silingi iliyopigiliwa. Na jina la maabara yenye ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara, kwa kipimo hicho mahususi, siyo kwa kupima maji au mafuta.

Waliokuja kazini kwenu hawakuchukua hata kipande. Walifanya makisio. Makisio yana nafasi yake, lakini hayana bei ya kipimo.

#8 bwana_mlalo

Mmenipita. Swali langu lipo pale pale: babu kafika 90. Na kama ni sumu hivyo, mbona dunia bado inachimba na kuuza?

#9 Nesi_wa_Zamu

Mimi ndiye dada wa mwenye uzi. Kaka Mlalo, pole kwa babu kama ameshatangulia, na kama yupo nisalimie. Babu aliishi chini ya bati. Hakulikata kwa msumeno. Kitu kinachodhuru ni vumbi unalovuta, nyuzi ndogo zisizoonekana kwa macho, zinaingia chini kabisa kwenye mapafu na mwili hauwezi kuziyeyusha. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeziweka aina zote za asbesto Kundi la 1, yaani zinasababisha saratani kwa binadamu. Mesothelioma, saratani ya utando unaozunguka mapafu au tumbo, kwa kawaida hujitokeza miaka 20 hadi 50 baada ya mtu kuvuta vumbi hilo. Kijana wa miaka 22 atakayepasua paa letu ataugua akiwa na wajukuu, na hakuna atakayekumbuka nyumba ya Raskazone. Wodini mtu anafika na maji kwenye kifua, anasema amewahi kuwa saidia fundi. Nani atauliza ni fundi wa nini, mwaka gani?

Na anayevuta sigara akachanganya na asbesto, hatari ya saratani ya mapafu inapanda sana kuliko ya kimoja kimoja. Vijana wa site mnawajua.

#10 hadubini_mbili

Dada kamaliza. Niongeze la historia. Mwaka 1960 madaktari watatu, Wagner, Sleggs na Marchand, walichapisha habari za wagonjwa 33 wa mesothelioma kutoka upande wa Kaskazini Magharibi mwa jimbo la Cape, Afrika Kusini, kwenye milima ya asbesto ya buluu. Lililoshtua ni kwamba wengi wao hawakuwahi kushika sururu mgodini. Walikuwa watu waliokulia karibu na machimbo, wakicheza utotoni kwenye vifusi. Elimu hii ya ulimwengu ilianzia bara letu, kwa vifua vya watu wetu.

Kuhusu kuuza: Urusi, Kazakhstan na China bado wanachimba asbesto nyeupe, krisotili. Kuiingiza kwenye orodha ya Mkataba wa Rotterdam, unaohusu biashara ya kemikali hatari, kunahitaji nchi zote zikubaliane, na kila mkutano wapo wanaokataa. Uingereza yenyewe ilipiga marufuku ya buluu na ya kahawia mwaka 1985, nyeupe ikasubiri hadi 1999. Marekani ndiyo kwanza Machi 2024 imetoa kanuni ya kuizuia krisotili. Kitu kuuzwa hakujawahi kuwa cheti cha usalama.

Tena msidhani mabati yetu ni ya nyeupe tu kwa hakika. Afrika Kusini ilichimba ya buluu na ya kahawia, Zimbabwe ikachimba nyeupe kule Shabanie na Mashava, na viwanda vya wakati huo vilichanganya walichokipata. Aina ipi imo kwenye bati lenu, maabara ndiyo itakayosema.

#11 Pwani_Mpya

Salamu kutoka Mombasa. Huku NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, ina mwongozo wa kushughulikia na kutupa asbesto, na inahesabiwa kuwa taka hatari. Hubebi kwenye mkokoteni tu ukaenda kumwaga jaani. Ajabu ni kwamba watu wakishaezua, bati nzima zinauzwa. Nimeona banda la kuku, choo, hata jiko la kupikia la mama ntilie, limeezekwa kwa bati za asbesto zilizotoka kwenye nyumba za serikali. Tajiri anakimbia hatari, maskini anainunua.

#12 Umutesi_K

Kwetu Rwanda kazi ilianza kwa kuhesabu. Mamlaka ya Makazi, Rwanda Housing Authority, iliorodhesha majengo yenye paa za asbesto nchi nzima, ikapata zaidi ya mita za mraba milioni 1.6, ndipo kuezua kukafuata kwa watu waliofundishwa, na mabati yakafukiwa kwenye mashimo yaliyotengwa. Imechukua miaka mingi na wenye nyumba binafsi wamelalamika gharama. Lakini angalau unajua jengo lipi lina nini.

#13 Mwana_Raskazone

Asanteni sana, sikutegemea uzi ungefika huku. Hadubini, swali la hela. Nikimwita mkaguzi kutoka mbali itakuwa ghali kuliko paa lenyewe. Siwezi kukata kipande mwenyewe nikakituma?

#14 hadubini_mbili

Kwa bati la saruji, unaweza. Nasema kwa bati la saruji tu. Kama kuna bodi laini, lagi (kifuniko cha kuzuia joto) ya mabomba ya mvuke au kitu kilichopuliziwa kwenye chuma, usikiguse. Hicho ni cha aliyefundishwa. Hata hapa Uingereza maabara nyingi hupokea sampuli kwa posta kutoka kwa wenye nyumba, kwa kawaida pauni 20 hadi 40 kwa sampuli moja. Afrika Kusini pia zipo maabara zenye ithibati, na ni karibu zaidi nanyi.

Fanya asubuhi kusiko na upepo, watoto na kuku wakiwa mbali. Usipande juu ya bati lenyewe kwa hali yoyote. Bati la saruji kuukuu halibebi mtu, na wengi zaidi wanaoumia papo hapo kwenye paa hizi wanaumizwa na kuanguka kuliko kitu kingine. Weka ngazi ukingoni. Vaa maski ya FFP3, ile ya kuchuja vumbi laini kabisa, iliyokaa sawa usoni, ndevu ukinyoa ni bora, na nguo ya kutupa au ya zamani utakayoiloweka. Barakoa ya kitambaa ya wakati wa korona haisaidii kitu hapa.

Chukua chupa ya kupulizia, maji na matone ya sabuni ya maji, lowesha pembe ya bati au palipokwisha kupasuka. Sabuni inafanya maji yapenye badala ya kuteleza. Kwa koleo bana kipande kidogo, cha ukubwa wa shilingi mia mbili kinatosha sana, ukivunje taratibu kikiwa kimelowa. Usitumie msumeno, grainda wala drili. Kipande kiingie moja kwa moja kwenye mfuko wa nailoni unaofungika, na mfuko huo uingie wa pili. Andika juu: tarehe, nyumba, sehemu. Futa koleo na pale ulipovunja kwa kitambaa kilicholowa, ziba jeraha la bati kwa rangi au gundi ya bomba, kitambaa nacho kiingie mfukoni. Piga picha ya mahali ulipochukua. Chukua na cha kofia ya paa kama inaonekana ya umri tofauti, maana mara nyingi paa liliwahi kukarabatiwa kwa bati za kuokoteza.

Kuhusu kusafirisha: kanuni za mizigo hatari zinasamehe asbesto iliyokamatwa ndani ya saruji au plastiki kiasi kwamba nyuzi haziwezi kutoka. Ila zungumza kwanza na maabara, wakutumie fomu na maelekezo yao ya forodha. Kubandika lebo ya "vitambaa" ili ipite ni kuwatafutia watu wa posta matatizo.

Kwa Tanzania, kabla ya yote piga hodi OSHA, maana wao ndio wa usalama na afya mahali pa kazi na kuezua ni kazi, na NEMC, wale wa mazingira, kwa upande wa taka. Waulize kwa maandishi wanamtambua nani kwa ukaguzi na wapi mzigo upelekwe. Jibu la maandishi litawasaidia hata mkipata mpangaji msomi au mnunuzi.

#15 Kipepeo wa Amani

Na huko maabara wanafanya nini hasa? Wanaweka mashine inasoma?

#16 hadubini_mbili

Hapa ndipo panaponifurahisha mimi. Ni macho ya mtu, dada. Mchambuzi anafungua mfuko ndani ya kabati lenye kivuta hewa, anatazama kipande kwa hadubini ya kukuza kidogo, anatafuta nyuzi. Kwa saruji anaweza kutumia asidi kidogo kuila chokaa ili nyuzi zibaki wazi. Anazichomoa kwa kibano moja moja, anaziweka kwenye kioo na tone la kimiminika chenye kipimo maalumu cha kupinda mwanga: 1.550 akishuku krisotili, 1.670 amositi, 1.700 krosidoliti, yaani ya buluu. Halafu hadubini ya mwanga uliochujwa. Akizungusha kioo, kila aina ina tabia yake: inavyozima na kuwaka, rangi inazotoa, kama unyuzi umejikunja au umenyooka kama sindano. Krosidoliti hubadilika rangi ukiigeuza na ina alama moja ya mwanga iliyo kinyume na wenzake wawili. Krisotili imepindapinda, na ndiyo inayochanganya, kwa sababu hata uzi wa buibui au nyuzi za plastiki zinaweza kumdanganya aliyechoka.

Ndiyo maana ithibati si karatasi ya ukutani. Maabara hupelekewa mara kwa mara sampuli za mtihani ambazo majibu yake yanajulikana na mwandalizi peke yake. Ukikosea sana, ithibati inatikisika. Mwulize yeyote anayekuuzia kipimo: mnashiriki mtihani gani wa kulinganisha maabara? Akibabaika, umepata jibu lako.

Mna hatari mbili za kusoma cheti vibaya. "Asbesto haikugundulika" ina maana haikuonekana kwenye kipande kile kwa njia ile. Vigae vya plastiki vya sakafuni, kwa mfano, nyuzi zake zinaweza kuwa zimesagwa nyembamba mno kuonekana kwa hadubini ya mwanga, na hapo inahitajika hadubini ya elektroni. Ya pili ni asilimia. Marekani kitu huitwa chenye asbesto kikizidi asilimia 1. Uingereza hatuna mpaka huo kwa bati, ikionekana, ipo. Cheti kimoja kikisema "chini ya asilimia 1" usishangilie kabla ya kujua kimeandikwa kwa sheria ya nchi gani.

#17 shemeji_mtu

Kuna jamaa ananiambia anapima hewa tu, bei poa, anawasha pampu sebuleni saa chache anatoa cheti kwamba nyumba salama. Hii vipi?

#18 hadubini_mbili

Mtafanyia nini sasa? Hewa ya sebuleni leo, paa likiwa limetulia, itatoka safi hata kama nyumba nzima ni asbesto. Kipimo cha hewa ni cha wakati wa kazi na baada ya kazi.

Kinavyofanyika: pampu inavuta hewa kupitia chujio, kwa kawaida lita 480, chujio linafanywa liwe wazi kama kioo kwa mvuke wa asetoni, kisha mtu anahesabu nyuzi kwa hadubini. Anahesabu zenye urefu unaozidi mikromita 5, wembamba chini ya 3, na urefu unaozidi mara tatu ya upana. Huku, baada ya kuondoa vifaa vya hatari kubwa, eneo halirudishwi kwa mwenyewe mpaka hesabu iwe chini ya nyuzi 0.01 kwa mililita. Na kabla ya pampu kuwashwa mchambuzi anapiga magoti na tochi kutafuta vumbi na vipande. Mimi binafsi nauamini ukaguzi huo wa magotini kuliko namba, maana hesabu hiyo haitofautishi unyuzi wa asbesto na wa pamba ya kioo.

Kwa paa lenu la nje hamhitaji pampu. Msilipe.

#19 FundiKenchi

Sawa mkuu, nimekuelewa kuhusu macho. Sasa sema likija jibu kwamba ni asbesto. Mimi na vijana wangu tunashushaje? Maana mkisema kampuni yenye mahema na mavazi ya anga, mwenye nyumba atarudi kwa fundi wa nyundo usiku.

#20 hadubini_mbili

Swali zuri kuliko yote. Kushusha bati za saruji, hata sheria ya Uingereza kwa kawaida haidai kampuni yenye leseni ya asbesto. Inadai watu waliofundishwa na kazi isiyovunja. Yaani kazi yenu ya kila siku kinyumenyume. Kiunzi cha chini na ubao wa kutembelea, mtu asikanyage bati. Lowesha kwa maji ya msukumo mdogo, msioshe kwa mashine ya presha kabisa. Australia wameizuia kisheria kwenye asbesto, kwa sababu inatawanya tope la nyuzi uwanja mzima na kwa jirani. Kata misumari au fungua skrubu, msing'oe kwa kupinda bati. Bati ishuke nzima, mkono kwa mkono au kwa kamba, isitupwe. Chini kuwe na nailoni nene, ile geji 1000 ya kutandika chini ya zege, bati zifungwe humo na kuandikwa. Maski ya FFP3 muda wote, nguo zisiende nyumbani kufuliwa na mke. Mfereji wa mvua usisahaulike, tope lake lina nyuzi zilizooshwa miaka yote hiyo. Litolewe likiwa bichi, liingie mfukoni. Mkimaliza, mnaokota kila kipande chini kwa mkono, bila ufagio mkavu.

Itachukua zaidi ya siku mbili. Muongeze bei kwa haki yenu, ila mwambieni mwenye nyumba ni kwa nini.

#21 FundiKenchi

Hiyo tunaiweza. Kitakachokwamisha ni maski. Ya FFP3 kijana ataivaa nusu saa, jua la Tanga litamshinda.

#22 hadubini_mbili

Ndiyo maana mnaanza alfajiri na kupokezana. Mkilowesha vizuri na msipovunja, vumbi linakuwa dogo, lakini maski haishuki.

#23 Mwana_Raskazone

Kikao cha familia kimefanyika jana usiku kwa simu. Tumekubaliana: sampuli mbili za paa na moja ya kofia ziende maabara, silingi haiguswi mpaka tumpate wa kuja kuiona, na fundi wa nyundo tumemshukuru. Shemeji ndiye aliyejitolea kulipia, msiniulize dada alimwambia nini.

Swali la mwisho. Tumekuwa tukikinga maji ya mvua ya paa hili kwenye simtanki, tunapikia. Mama amesikia habari hizi, hataki hata kuyaona.

#24 hadubini_mbili

Mwambie mama asiogope yaliyopita. Hatari iliyothibitika sana ni ya kuvuta. Kwa kunywa, WHO haikuweka kiwango cha mwisho kwa maji ya kunywa kwa kuwa ushahidi wa madhara hautoshi, ingawa inashauri nyuzi zipunguzwe inapowezekana. Marekani wameweka kikomo cha nyuzi milioni 7 kwa lita, zile ndefu zinazozidi mikromita 10. Ila bati lenu limechakaa, hivyo mimi ningekatisha bomba linaloingia kwenye simtanki leo hii mpaka paa jipya lije. Tangi mlioshe likiwa na maji, tope la chini mlitoe bichi, msiliache likauke na kufagiwa.

#25 Nesi_wa_Zamu

Bomba limeshakatishwa tangu Jumapili. Kaka, na yale mabati mawili ya banda la kuku kule nyuma, sampuli yake ichukuliwe pia au tuhesabu ni yale yale?

#26 hadubini_mbili

Kama yalitoka paa hili na mnaweza kuonyesha yalitoka wapi, yahesabuni pamoja, yashushwe siku moja na mengine. Kama yaliletwa tu na mtu, ni sampuli ya nne.